Atakua Akishatoka

Nyumbani kwetu anayepakua ni mama mkwe. Mwiko hamwachii mtu, hata mwanawe wa kumzaa. Tangu tumbo langu lianze kuonekana, alikuwa akinipakulia viazi viwili na kijiko cha maharage, kisha anafunika sufuria na kukaa kando yake kama mlinzi wa benki.

"Mama, leo nimesimama kutwa nzima," nilimwambia siku ya kwanza.

"Najua, mwanangu. Lakini ukimlisha sana humo ndani atakuwa jitu, na nyonga zako ndizo hizo. Vumilia. Mtoto atakua akishatoka."

Ningeweza kubisha. Mimi si mtu wa kunyamaza, muulizeni mume wangu. Lakini ukutani, juu ya meza ileile, kuna picha ya wifi yangu, binti pekee wa mama. Alifia uzazini. Mtoto alikuwa mkubwa, akakwama, wakaondoka wote wawili. Na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlisha, akimsifu kwa kila sahani aliyoimaliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumwambia mbele ya picha ile kwamba hofu yake haina maana, moyo huo sikuwa nao. Nikala viazi vyangu viwili, nikaenda kulala na njaa.

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli. Unasimama asubuhi, unakuja kukaa jioni. Mvuke unakupiga usoni, miguu inajaa, na shuka likiisha linakuja lingine, maana wageni wa hoteli hawaachi kulala. Mimba ilikua kidogo tu, wenzangu wakanitazama tumbo wakacheka.

"We una mimba kweli, au umeshiba tu?"

"Ningeshiba ningejua," niliwajibu.

Kliniki walinikuta na upungufu wa damu. Muuguzi akanipa vidonge, akaniambia nile vizuri na nipumzike. Nipumzike! Nilitamani kumuuliza huko kupumzika kunapatikana duka gani. Nilipofika nyumbani mama aliuliza vidonge vile ni vya nini, nami kwa uchovu nikamjibu ni vya kumpa mtoto nguvu. Hakuna jibu baya kuliko hilo. Akavipandisha juu ya kabati, na sikuwa na nguvu ya kupanda kiti kuvifuata.

Uchungu ulinikuta kazini, kabla ya wakati wake, shuka likiwa nusu. Nilijifungua upesi, hilo lazima niliseme. Mtoto wa kike. Mzani ulisoma kilo moja na nusu, na muuguzi hakusema hongera.

Mama aliingia wodini akishangilia. "Umepona! Nilikwambia mimi! Umepona, mwanangu!" Akanibusu paji la uso, akamwendea mtoto, akafunua nguo. Kisha akafunua zaidi, kama anayetafuta sehemu ya mtoto iliyobaki. Furaha yake ikaishia hapo.

"Mbona yuko hivi?"

Muuguzi alinigeukia mimi. "Dada, ulikuwa unakula vizuri?"

Nilifumba macho. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na wala halikuwa uongo. "Kazi yangu ni ya kusimama, sista. Nilichoka sana."

"Chakula nilikuwa napakua mimi," mama akasema. "Nilimpunguzia. Nilitaka asikwame."

Muuguzi alivuta pumzi. Naye alikuwa amechoka, ilionekana. "Mama, akikwama, tunafanya upasuaji tunamtoa. Huyu mdogo hatuna kisu cha kumkuzia."

Mashine za joto zilikuwa zimejaa. Mtoto alitakiwa kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, la sivyo baridi ingemmaliza. Nilijaribu kuketi ili nimpokee. Chumba kikazunguka, nikarudi kwenye mto.

"Mama, fungua blauzi," muuguzi akasema.

"Mimi?"

"Kwani yupo mwingine?"

Mume wangu alikuwa bado njiani. Mama alinitazama. Tangu niolewe, sikuwahi kumwona akiniomba ruhusa ya jambo lolote. Nilikuwa nimemkasirikia, nimemkasirikia mpaka kooni, na duniani kote hapakuwa na mtu mwingine ambaye ningemwachia mwanangu.

"Mchukue, mama," nikasema.

Muuguzi alimfunga mtoto kwa kitambaa, kifua kwa kifua, kichwa kikiwa chini ya kidevu cha bibi yake. Mama alikaa wima kwenye kiti kigumu cha wodi, anaogopa hata kukohoa. Chakula cha mchana kilipoletwa, alinisogezea sahani yangu kwa mkono mmoja. Kisha akasogeza na yake.

"Kula, mwanangu. Zote mbili."

Nilikula. Nilikula huku machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya hasira au ya shibe. Alihesabu kila tonge kwa macho mpaka sahani zikawa nyeupe. Ndipo akainamisha uso, akamnong'oneza mtoto kwa sauti ya mtu anayembembeleza mdai wake.

"Haya, mjukuu wangu, umeshatoka. Kua basi. Kua."