Zaidi ya Nusu ya Mwaka

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, katika nyumba ya Mmarekani mmoja jijini Riyadh, Zipporah aliingia chumba cha wageni kupangusa vumbi akakuta kitanda kimelaliwa. Shuka zilikuwa bado zina joto. Chini ya kitanda palikuwa na ndala za bluu zilizolika kisigino, zimeandikwa CELESTINE kwa kalamu ya wino, kama wanavyoandika wanafunzi wa bweni wanaoogopa kuibiwa. Zipporah alitandika, akazipanga ndala, akashuka jikoni.

"Baba Celestine," alimwambia dereva, "binti yako analala huku siku hizi."

Jackton alikuwa anachovya mkate kwenye chai. "Celestine yuko Kisumu, chuoni."

"Mchana, labda."

Zipporah si mtu wa kushtuka ovyo. Kabla ya hapo aliajiriwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, na madam ambaye mumewe alikuwa marehemu na bado alitaka kanzu zake zipigwe pasi kila Alhamisi. Alizipiga. Kazi ni kazi.

Jackton alimpigia binti yake simu. Celestine alisema yuko sawa, ila anaamka koo limekauka kama mtu aliyelala kwenye baridi ya eyasii, mashine ya kupoza chumba, na miguu ina vumbi jekundu. "Na hosteli yetu haina hata feni, Baba," alicheka. Saa za Kisumu na za Riyadh ni zile zile, kwa hiyo hakuwa amekosa kipindi hata kimoja.

Chanzo chake kilikuwa kidogo tu. Jackton alichoka kuona mawakala wa kutuma pesa wakiila karo njiani, akamwomba bosi, yule Mmarekani, amkate mshahara kila mwezi na kulipa chuo moja kwa moja kwa kadi yake. Bosi alikubali upesi. Risiti zikawa zinatoka kwa jina la bosi, na Jackton hakuona ubaya. Jamani, nani angeuona? Mtoto yuko darasani, mengine ni wino.

Siku hiyo, wakiwa kwenye foleni ya Barabara ya King Fahd, alisema, "Bosi, binti yangu analala kwako."

"Ndiyo," bosi alijibu, macho kwenye simu. "Inabidi." Akaeleza bila haraka. Kwao, mtu anayemlipia mwanafunzi wa chuo hupunguziwa kodi. Sharti mtoto awe wake, na awe amelala kwake zaidi ya nusu ya mwaka. Mwezi wa nne alikuwa amemwandika Celestine, na ofisi ya kodi imekubali. "Ni karatasi tu, Jack. Wewe hupotezi kitu."

"Lakini pesa ni zangu, bosi."

"Risiti zinasemaje?"

Taa ikawaka kijani, Jackton akaendesha.

Sasa, usiku peke yake ni nusu ya mwaka, na sheria ilitaka zaidi ya nusu. Kwa hiyo likizo ya Agosti ilipofika, Celestine akaja na mchana pia. Alishuka ngazi kwa zile ndala za bluu, akavuta kiti, akamwambia madam, mke wa bosi, "Morning, Mum," na madam akamsogezea asali.

Huko nyumbani Ahero, mama yake, Roselyne, alikuwa amechinja kuku na kutandika kitanda. Jioni alimpigia mumewe. "Baba Celestine, mtoto hajafika."

"Ako salama."

"Unajuaje?"

"Namwona hapa dirishani."

Roselyne akauliza, "Amekonda?"

"Amenona."

"Basi mwambie mamake anamsalimia."

Jackton alipeleka salamu. Celestine alisikiliza kwa adabu, akamgeukia madam. "Mum, dereva anasema unanisalimia."

Zipporah naye alibadilika bila kupenda. Aliamka siku moja akitaka kusema "Baba Celestine, chai iko tayari," mdomo ukagoma pale kwenye Baba. Alijaribu mara kadhaa, akawa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Mwishowe akasema, "Jackton, chai." Wote wawili waliona haya.

"Mwambie bosi halas, basi imetosha, amfute," Zipporah alisema. "Si atarudi kuwa wako?"

Jackton alikuwa ameshauliza. Bosi hakukataa. Alisema anaweza kumfuta leo hii, ila chuo nacho kitamfuta, kwa sababu kompyuta ya chuo inamjua baba mmoja, yule wa kwenye risiti. Asiye na baba hafanyi mtihani. Na kulipia kwa jina la Jackton? Hapo bosi alikunja uso. Ameshaitangazia serikali kwamba mtoto ni wake. Kubadilisha sasa kungekuwa uongo, na yeye si mtu wa uongo.

"Amebakisha mwaka mmoja," Jackton alimwambia Zipporah. "Ufamasia. Unajua mtu wa kwetu aliyewahi kufika hapo? Hakuna." Kisha akalia pale pale kwenye meza ya jikoni, mwanamume mzima, wala hakujificha. Alimpenda mno yule mtoto. Zipporah alimmiminia chai nyingine.

Bosi hakuambiwa amfute mtu.

Mwishoni mwa Agosti madam alimtuma Jackton ampeleke Celestine kununua viatu. Msichana alikaa kiti cha nyuma. Kwenye kioo Jackton aliona paji la uso la mama aliyemzaa yeye mwenyewe, lile lile, limeinamia simu. Walikuwa wamepita daraja la pili msichana aliponyanyua kichwa, kwa ukarimu wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Dereva, una watoto?"

"Ninaye mmoja. Binti. Yuko chuo, anasoma ufamasia."

"Waah! Kama mimi! Nani anamlipia?"

Jackton alitazama barabara. Alifungua mdomo, akasikia neno moja likikwama, akatafuta jingine lililokubali kutoka.

"Babake," alisema.

"Ana bahati," Celestine alisema, akarudi kwenye simu. Mwisho wa mwezi Jackton alikatwa mshahara kama kawaida.