Waitikiaji Hawakuandikwa

Mnunuzi alikuja amevaa glavu nyeupe, na hapo hapo nikajua hatutaelewana. Mtu anayevaa glavu kwenye nyumba ya mama yangu, nyumba ambayo vumbi linaogopa kuingia!

Mama alikuwa ametandaza shuka safi juu ya meza na kupanga santuri zake zote, sitini na mbili. Alikuwa anahamia kwangu, maana magoti yake yamezikataa ngazi za ghorofa ya tatu, na chumba nilichomwandalia kinaingia kitanda na kabati, basi. Ilibidi ziuzwe. Sharti lake lilikuwa moja tu, ziende kwa mtu wa kuzisikiliza.

Bwana Glavu, jina nililompa kimoyomoyo, alizitoa moja moja, akaziinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaguna.

"Umezitunza, mama."

Mama akatabasamu. Hata mimi nilianza kumpenda kidogo. Kisha Bwana Glavu akageuza jalada moja, uso ukambadilika.

"Nani kachorachora hapa?"

Nyuma ya jalada kulikuwa na orodha ya bendi nzima. Wapiga gitaa, mpiga ngoma, wapuliza tarumbeta, mpaka dereva wa gari la bendi alishukuriwa kwa jina. Chini yao, kwa wino wa bluu, mama alikuwa ameandika: *Na mimi, mwitikiaji.*

"Ni yeye mwenyewe," nikasema. "Kaimba humo."

"Sawa, dada, lakini imechafuka. Wateja wangu wanataka jalada kama lilivyotoka kiwandani."

Akazipekua zote. Kumi na tisa zilikuwa na mwandiko ule. Kabla hatujafungua mdomo, alishatoa chupa ya spiriti na pamba mkobani, akasugua lile jalada la kwanza. Wino ukalainika, ukatoka wote.

"Unafanya nini wewe?" Nadhani jirani wa chini alinisikia.

"Naonyesha tu. Inatoka vizuri. Nikizisafisha zote, mtafaidika nyinyi."

"Nani kakutuma? Hujanunua hata moja, unamfuta mtu ndani ya nyumba yake! Hata mwizi husubiri mwenye nyumba alale!"

"Dada, hii ni biashara."

"Biashara na adabu zimegombana lini?"

Mama akaniinulia kiganja, ishara ya kuninyamazisha tangu nikiwa mtoto. "Mpigie hiyo," akaniambia. "Asikilize."

Nikaiweka kwenye gramafoni. Gitaa likaanza, akaja yule mwimbaji ambaye jina lake limejaa jalada zima, kisha kiitikio. Nimekisikia tangu sijajua kutembea, na bado kinanisimamisha. Bwana Glavu alifumba macho.

"Hapo," akasema. "Hiyo sauti ya juu. Ndiyo watu wanailipia. Mwimbaji mwenyewe wa kawaida tu."

Mmesikia hayo? Sauti anaitaka, mwenye sauti anamfuta kwa pamba! Nikamtazama mama kwa fahari. Alikuwa anaangalia shuka.

"Tulisimama mbele ya maikrofoni moja kutwa nzima, wasichana watatu," akasema bila kupandisha sauti. "Tulipouliza majina yetu, kiongozi akasema nafasi imejaa kwenye jalada. Dereva alipata nafasi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki sikupewa, nikajiandikia. Wewe unaniambia kama lilivyotoka kiwandani. Kiwandani lilitoka na uongo, mwanangu."

Bwana Glavu akakohoa. Akasema anaelewa, kweli anaelewa, ila wateja ndio wateja. Achukue zile arobaini na tatu safi, na hizi ama azifute ama zibaki.

"Zibaki," mama akasema.

Mimi ningemtimua mikono mitupu. Mama alimuuzia, na akamkaribisha chai juu yake. Alipomaliza kufunga maboksi, mtu yule akanyoosha mkono kwenye jalada alilolisugua.

"Na hii je? Si imeshasafika?"

Nilimfungulia mlango. Nikaufunga nyuma yake kwa namna ambayo hatahitaji kuuliza tena.

Mama alivuta jalada lile, akachukua kalamu. "Safari hii naandika vizuri," akasema. "Wote. Na mbele, siyo nyuma." Akaandika jina lake kamili, herufi kubwa, juu ya picha, katikati ya kifua cha yule mwimbaji maarufu. Nilicheka kwa furaha ya kisasi. Akaandika la mwitikiaji mwenzake, rafiki yake aliyekuja kuwa mkunga. Kisha kalamu ikasimama.

"Yule wa tatu, yule mdogo," akasema. "Tulikuwa tunamwita Kadogo."

"Jina lake nani?"

Mama akampigia simu mpiga ngoma, wa pekee aliyebaki hai katika bendi ile. Nilimsikia mzee wa watu akicheka upande wa pili, akisema kumbe bado unamkumbuka Kadogo.

"Jina lake nakuuliza!" mama akafoka, mama ambaye hakumfokea hata Bwana Glavu. "Alikuwa na jina!"

Mzee hakulijua. Mama akakata simu bila kuaga.

"Andika Kadogo," nikamwambia. "Inatosha, mama."

"Haitoshi!" Alipiga meza, kalamu ikadondoka. "Ile sauti ya juu aliyoisifu yule bwana siyo yangu. Ni yake. Nimekaa hapa nimeiacha isifiwe kama yangu, na wewe ukanitazama kwa fahari, nikanyamaza."

Nikainama kuokota kalamu. Nilipompa, hakuipokea.

"Miaka arobaini naandika *na mimi* kwenye majalada haya," akasema. "Na nafasi ilikuwepo."