Shavu la Delbert

Arlene Vavra alikuwa na miaka themanini na minne, na kwa miaka sita alikuwa akiidanganya ofisi ya jeshi.

Kaka yake Leland, askari wa Marine, kikosi cha majini cha Marekani, aliuawa kisiwani Pasifiki mwaka 1943 akiwa na miaka kumi na tisa. Alizikwa harakaharaka mchangani na kaburi likapotea. Miaka sita nyuma mifupa ya askari wengi ilikuwa imefukuliwa, na ofisi ikaomba mate ya ndugu wa tumbo moja. Arlene akapangusa shavu lake kwa kijiti cha pamba, akaandika: dada. Nyumbani kwao neno "kambo" halikuwahi kutamkwa, naye hakujua aanzie wapi kulitamka.

Wiki iliyopita mwanamke wa ofisini alimpigia simu. "Mama, sampuli yako haifanani na mifupa yoyote, na kipimo hiki hufuata damu ya upande wa mama. Una hakika mlizaliwa na mama mmoja?"

Arlene akasema, "Hapana. Baba mmoja tu." Alichoka papo hapo, kana kwamba miaka yote sita ilikuwa imemngoja kwenye kiti.

Aliyebaki wa upande wa mama yake Leland alikuwa mmoja: Delbert Kucera, mtoto wa mdogo wake huyo mama. Walikuwa hawajasemezana tangu utotoni. Alimkuta zizini, akigongomea ubao.

"Leo jua limetokea wapi?" alisema Delbert bila kugeuka. "Mtoto wa bibi wa pili!"

"Ndiye mimi."

"Babako alioa hata udongo wa kaburi la mama mkubwa haujakauka."

"Miezi mitatu, Delbert. Najua. Sikuwepo."

Delbert akacheka puani. Arlene akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamweleza yote, na ule uongo pia.

"Miaka sita! Mkaidi kama nyumbu wewe. Na wakimpata, mtamzika wapi?"

"Kando ya mama yangu. Nafasi ipo. Naipalilia tangu niolewe."

"Basi mate sitoi. Ana mama yake, kule juu kwenye makaburi ya kina Kucera. Amelala peke yake tangu mwaka ishirini na tisa."

Arlene aliikumbuka ile nafasi, majani aliyong'oa kila mwezi wa tano, maua aliyotia kwenye kopo la kahawa. Mama yake ndiye aliyemlea Leland, akamfungia chakula asubuhi aliyoondoka. Alitaka kulisema hilo. Lakini yule mama mwingine ndiye aliyemzaa, na wala hakupata muda wa kumfungia chochote.

"Sawa," alisema. "Azikwe kwa mama yake."

"Utaandika?"

"Nitaandika na kusaini. Na maua nitapeleka huko, kama mtanifungulia geti."

Delbert aliweka nyundo chini. Akavua kofia.

"Geti halifungwi," alisema. "Haya, meno ya bandia niyatoe?"

"Yatoe."

Akayatoa, akayafuta kwenye suruali, akayatia mfukoni mwa shati. Arlene akafungua bahasha, akatoa kijiti cha pamba. Delbert akamshika kifundo cha mkono, akauongoza mwenyewe hadi shavuni mwake.