Mlango wa Kumi na Mbili

Jumanne saa mbili asubuhi, mtandika vitanda wa nyumba ya wageni iliyo jirani na majumba ya sanaa alikuta mlango mpya kwenye korido. Hilo peke yake si neno. Alipoanza kazi, vyumba vilikuwa sita. Manispaa ilianza kubomoa mtaa wa nyuma ili picha za majumba hayo zipate nafasi, na kila nyumba iliyofikiwa na zamu, mlango wake ulihamia hapa saa chache kabla, pamoja na chumba chake. Sasa vilikuwa kumi na kimoja, na wageni walivisifu kwa utulivu.

Lakini huu ulikuwa wa kijani, na rangi hiyo aliipaka yeye mwenyewe kwao mwezi uliopita, ikamwishia kabla hajafika chini. Akausukuma, akamkuta mama yake juu ya kigoda, anatia uzi kwenye sindano.

"Shikamoo mama. Toka humo, tafadhali."

"Marahaba. Bwana wa manispaa kasema nimsubiri nyumbani na hati yangu ya nyumba, atanisikiliza."

Binti aliogopa. Fundi viatu wa chumba cha tisa naye aliambiwa asubiri. Nyumba yake ilibomolewa yumo ndani, na tangu siku hiyo hawezi kuvuka kizingiti. Wageni humtundikia kofia, na kwenye kitabu chao huandika kwamba mzee ni mpole, hana usumbufu.

Binti akakimbilia barazani kwa mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Mama Taratibu, akamwomba awapigie simu wakubwa wa manispaa, maana huketi nao kila maonyesho yanapofunguliwa. Mama Taratibu akamalizia chai yake kwanza.

"Taratibu, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Wageni wa chumba cha kumi na mbili wanaingia saa nane. Tandika shuka nyeupe."

Binti akarudi mbio. Alimvuta mama mkono, akambembeleza, akalia waziwazi kama mtoto. Mwishowe mama akainuka, wakafika mlangoni.

"Ngoja," mama akasema, "hati yangu."

Akarudi kuitoa chini ya godoro. Huko mtaa wa nyuma tingatinga likaanza kazi, vikombe vikacheza jikoni, kisha kukawa kimya. Mama akaja na hati mkononi. Mguu wake ulifika kizingitini ukagoma. Akajaribu wa pili, nao ukagoma. Hakushangaa. Alirudi kwenye kigoda, akaiweka hati mapajani.

"Basi nitamsubiria humuhumu," akasema.

Saa nane wageni wakaingia, mume na mke, wakauliza kama bibi ni wa chumba. Mama Taratibu akasema ndiyo.

Asubuhi iliyofuata binti alisimama nje na shuka mkononi, akabisha hodi.

"Nani?" mama akauliza.

Wageni walikuwa bado ndani, wanabishana waanze na picha zipi. Binti akajibu kama wafanyakazi walivyoagizwa kujibu.

"Mtandika vitanda."

"Karibu," mama akasema.