Joto la Tangi la Nne

Kompyuta ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, pale Changamwe, ilikaa juu ya meza katika ofisi ya mizani, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la matangi manne kupitia kadi iliyochomekwa ndani yake. Matangi matatu yalisomeka digrii sitini, kama yatakiwavyo. La nne lilisomeka thelathini na saba, ingawa ukiligusa kwa nje ulijiunguza.

Masika ya mwaka 1993 yalipoanza, namba ya tangi la nne ilipanda hadi thelathini na tisa, ikawa inapanda na kushuka kila alasiri. Nguma, mpakiaji wa zamani, aliitazama huku akijifuta mikono.

"Ni Ngumbao huyo," alisema. "Homa yake humshika kila masika."

Hakuna aliyebisha. Ngumbao alikuwa mpimaji wa matangi. Miaka miwili nyuma alipanda tangi la nne kwa ngazi iliyovunjika kishikio, na hakuonekana akishuka. Tangi halikumwagwa, kwa kuwa lilikuwa limejaa na wanunuzi walikuwa wakingoja langoni. Kiwanda kilisema ametoroka kazi. Mafuta yaliuzwa kama kawaida, na tangu hapo mkewe, Mwanatabu wa Mtongwe, hakupikia mafuta tena ila tui.

Fundi aliyeitwa kuitazama kompyuta, Kefa, alikuwa mtu wa bara. Alifungua kasha, akachomoa kadi, akaipuliza.

"Kadi ni moja," alisema, "lakini draiva ni mbili."

Draiva, alieleza, ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta kusema na kadi. Hizi mbili zilikuwa zimeshika namba ileile, ya tano. Kompyuta ikiita namba tano, tangi na Ngumbao waliitika pamoja, na Ngumbao alikuwa mwepesi zaidi.

"Ndivyo alivyo," Nguma alisema. "Chai haijaitwa, yeye ashafika na kikombe."

Mwanatabu alipopata habari alivuka feri, akaja moja kwa moja kwa meneja.

"Bwana meneja, nataka neno moja tu. Sema Ngumbao alifia hapa. Sheikh Idarus amekubali kumsalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyeonekana, nami nikae eda kama wenzangu."

Meneja alitazama kioo cha kompyuta.

"Mama, mtu mwenye homa si maiti. Nilisema alitoroka, hapo nilikosea. Yuko kazini."

"Basi mtoeni."

"Tangi limejaa."

Kefa alihamisha pini ndogo za kadi, akalipatia tangi namba saba. Papo hapo tangi la nne likasomeka sitini. Chini yake ukabaki mstari mmoja usio na jina, thelathini na tisa. Meneja alimwagiza aufute, kisha akaenda kupokea simu.

Kefa aliweka kidole juu ya kibonyezo, akasita.

"Nikimfuta, mama, atakuwa hayuko tena. Labda utapata eda yako."

Mwanatabu alisogea, akalaza kiganja juu ya kioo.

"Ana moto," alisema. "Muwate, mwanangu. Mtu hafutwi naye mgonjwa."

Kefa aliondoa kidole. Meneja aliporudi hakujali, maadamu tangi lilikuwa linasomeka. Jioni, wanunuzi walipokwisha kuchukua mafuta yao, lilijazwa tena.

Sheikh Idarus, alipoelezwa, aliahirisha sala ya ghaibu, akamsomea Ngumbao dua ya shifaa, apate kupona. Wanawake wa Mtongwe walikuja wakakaa mkekani na Mwanatabu. Hawakujua wampe pole ya msiba au pole ya mgonjwa, wakamwambia pole tu.

Naye akawajibu kila mmoja, "Nishapoa."