Maneno ya Muuza Miti ya Noeli

Filamu za Noeli siziamini, na bado kila Desemba ni mimi ninayezitafsiri. Saa nane mchana wanawake wa kambi ya reli wanaingia sebuleni kwangu na viti vyao vya plastiki, nakaa kando ya televisheni, na kila neno la Kifaransa linalotoka kule linapita kwanza kinywani mwangu. Kifaransa nilikipata kwa masista. Masista hao hao walitusomea hadithi za kale za mapenzi, kwa hiyo sidanganyiki kirahisi. Mwaka huu walionyesha ile ya familia mbili zinazochukiana, hawa wanauza miti ya Noeli, wale wanauza keki, na kijana wa huku anampenda msichana wa kule. Naijua hiyo. Zamani wale wawili walikuwa wanakufa. Siku hizi theluji inaanguka, wanabusiana, wanafungua duka pamoja. Hadithi iliyonyang'anywa maiti zake mimi naitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa jicho hilo hilo nilimtazama Chrispin Bokungu. Ni fundi wa panneau za umeme wa jua, mtoto wa mwanajeshi wa base, kambi ya jeshi. Alikuja kutengeneza panneau yangu, akarudi kuona kama inafanya kazi, akarudi tena kuona kama bado inafanya kazi. Panneau haikuwa na neno. Neno lilikuwa kwa Naomie, binti yangu, mkunga wa kituo cha afya, ambaye kila fundi alipopanda juu ya bati alipata sababu ya kusimama uani.

Nina binti mmoja tu. Watu wa base leo wako hapa, kesho inatoka amri, wanafunga godoro na masufuria na kwenda upande mwingine wa nchi. Nimewaona wasichana wa kambi yetu waliobaki na simu mkononi, wakingoja iite. Sikutaka Naomie awe mmoja wao. Na familia ya Chrispin ilikuwa imeshatuma habari kwamba kesho yake ya Noeli itakuja na kinywaji.

Kwetu kinywaji ndicho swali. Kinawekwa katikati, baba mdogo anamuuliza msichana mbele ya wote: tunywe ao tusinywe? Msichana ndiye anayejibu, lakini kwanza anamtazama mama yake. Mama asiyegusa glasi yake ameshajibu. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa juu ya glasi yangu.

Wiki mbili kabla ya Noeli, Naomie alitoka kazini akanikuta jikoni nikipika sombe, majani ya muhogo. Akaegemea mlango.

"Mama, unajua Chrispin ameniambia nini? Ameniambia: minyi sina njia mingi, niko na moja tu, ya chuma, na gare yake ya mwisho njo weye."

Mwiko ulinitoka mkononi. Maneno yale ya njia ya chuma na stesheni ya mwisho yalikuwa ya Kanyinda, mume wangu, baba yake Naomie, aliyekuwa akiendesha treni. Aliniambia mimi peke yangu, pale pale gare ya Kamina, na ugonjwa ulimchukua Naomie akiwa bado hajajua kutembea. Tangu siku ile kila nilipoanza habari zake nilishindwa kumaliza, basi nikaacha kumtaja.

"Toka pa mulango," nikamwambia. "Sombe inaungua."

Usiku kucha nilijiuliza mtoto wa base ameyatoa wapi. Asubuhi nikakumbuka, na nikakasirika zaidi, kwa sababu mlango wa mwizi nilikuwa nimeufungua mwenyewe. Katika ile filamu, kijana wa miti ya Noeli anavuka theluji mpaka magotini, anafika mbele ya msichana, anasema "je t'aime", nakupenda, basi. Nilipotafsiri, mwanamke mmoja akalalamika: "Ametoka mbali yote ile, njo kusema ile tu?" Nikaona aibu kwa ajili ya yule kijana. Nikamkopesha maneno ya Kanyinda. Wanawake wakapumua, na tangu siku hiyo nikawa nakopesha katika kila filamu, mradi Naomie yuko kazini. Yeye anajua Kifaransa, angenishika.

Na aliyelalamika alikuwa nani? Mama Chrispin. Mwanamke ambaye sikumwalika, anayetoka base na kiti chake na beseni la samaki wakavu wa Kinkondja, na ambaye siku zote anakaa mbele kabisa. Nilikuwa nimefikiri anapenda filamu. Kumbe nilikuwa namlisha jasusi.

Nikatega mtego. Siku iliyofuata filamu ilikuwa ile ya msichana wa kazi anayepoteza kiatu, ila siku hizi anapoteza simu. Mtoto wa tajiri aliposema "je t'aime", nikatafsiri kwa uso mkavu: "Ukinikatala, nitakula sombe bila chumvi mpaka Pasaka." Wanawake walicheka mpaka machozi. Mama Chrispin hakucheka. Midomo yake ilikuwa inarudia polepole, kama mtu anayeshika katekisimu.

Haikuchukua siku nyingi, Naomie akaniletea ile sombe neno kwa neno, huku anacheka. Nikangoja siku ya kinywaji. Nilitaka nimshike mwizi mbele ya mashahidi.

Basi kesho yake ya Noeli, Chrispin na watu wake wakaja. Kasha la bia na la limonadi yakawekwa katikati ya sebule. Éliézer, mdogo wake Kanyinda, akasimama na kifungulio mkononi. Kabla hajauliza nikainua mkono.

"Chrispin, maneno unamuambiaka mutoto wangu, unaitosha wapi?"

Akamtazama mama yake, kisha mimi. "Kwenu hapa, Mama. Mama yangu anaisikia, anakuya nayo ku nyumba."

"Mumesikia?" nikawaambia wote. "Amesema yeye mwenyewe."

"Minyi njo nilibatuma," akasema Naomie.

Nilidhani anajisingizia kuwatuma ili amfunike mchumba wake. Lakini alikuwa amesimama wima, ananitazama mimi.

"Siku moja nilitoka kazi mbele ya saa. Niko pa dirisha, nasikia télé inasema je t'aime, weye unasema njia ya chuma. Muntu wa kuuzisha miti, gare anaitosha wapi? Nikajua ile ni baba."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Nilikuulizaka tangu niko mutoto. Kila mara unasema sombe inaungua. Na nikiingia mu salon, unatafsiri kama dictionnaire. Njo nikaomba Mama Chrispin anishikie maneno. Nikaomba Chrispin aniambie, nisikie namna gani inakuwa mu sauti ya mwanaume. Siku ile nilikuletea ile ya gare mu cuisine, nilingoja useme ni ya baba."

Hasira yangu yote ilitafuta pa kwenda, ikakosa. Mtu niliyemwinda wiki mbili nzima alikuwa mtoto wangu, akiokota baba yake chini ya viti vya wageni.

"Mama," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu, "ile ya sombe bila chumvi njo napenda kupita zote. Sikujua baba alikuwa muntu wa kuchekesha."

Ningeweza kumwachia uongo huo. Hakuna mtu sebuleni mle ambaye angenipinga, na uso wake ulikuwa na furaha sana.

"Ile haiko ya baba yako," nikasema. "Ile ni yangu. Niliitengeneza ya kukamata mwizi."

Tabasamu likaondoka. Iliniuma kuliona likiondoka.

"Na zingine?"

"Zingine zote ni zake. Hakuwa muntu wa kuchekesha, Naomie. Alikuwa anasemaka polepole, na mbele ya kusema anatosha kofia ku kichwa."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo mpaka mwisho.

Éliézer akakohoa. "Sasa, mutoto. Tunywe ao tusinywe?"

Naomie akanitazama, kama desturi inavyotaka. Kuhusu watu wa base na amri zao bado simwamini mtu, na nilimwambia Chrispin hivyo hivyo, machoni. Akaitika "Ndiyo, Mama" bila kuongeza neno la mkopo. Nikachukua glasi yangu.

"Tunywe," akasema Naomie. "Lakini umalize kwanza ile ya baba."

Nikaishika glasi mkononi, bado haijamiminwa kitu, nikaanza na siku ile ya gare, mvua ilivyonyesha na Kanyinda alivyokataa kurudisha kofia yake kichwani. Mama Chrispin akainua kiti chake, kwa mazoea, akakisogeza mbele.