Michirizi ya Mkononi

Kazini, mashine ya kupigia pasi mashuka ya hoteli ilinibana mkono, ikachuna ngozi yote ya mgongo wa kiganja. Daktari akanichana tumbo kidogo, akaushonea mkono palepale ili upate ngozi mpya. Majuma matatu nikawa kama mtu aliyeficha kitu ndani ya gauni. Binti yangu akaniogesha, akanivalisha, akanilisha. Nami kazi yangu kufoka: maji ya moto, sabuni machoni, kijiko kimejaa mno!

Ngozi iliposhika, daktari akautenganisha mkono na tumbo. Bandeji ilipofunguliwa nikahamaki. Mkono umetuna, una michirizi!

"Daktari, hukuona ngozi nzuri kuliko hii?"

"Mama, tumbo lako ndilo hilo," akacheka. "Hebu kunja vidole."

Nikakunja. Vikakubali, vyote.

Binti yangu akaipapasa ile michirizi. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwako! Mimba yako ilinitanua tumbo kama gunia. Mpaka leo sijakusamehe."

"Kumbe nilikuwa nakutanulia ngozi, ije itoshe na mkono."

Nikafungua mdomo nimkemee. Badala yake nikamshika shavu, kwa mkono uleule.